Barua za Mkono wa Kushoto

Siku kumi na tisa Brashi hakutia mguu dukani. Hakupiga simu, hakutuma salamu, na kila ujumbe aliotumiwa aliusoma akaunyamazia. Kimya kingi kina mshindo mkubwa, na mshindo wenyewe ulikuja siku ya ishirini, saa nne asubuhi, mama yake alipompigia simu Shangazi: leo saa kumi tutafika hapo nyumbani, mimi na mwanangu, kuna maneno ya kumaliza. Hakusema kuna maneno ya kuzungumza. Alisema ya kumaliza.

Sindano alikuwa kwenye cherehani alipoletewa habari hizo. Jina hilo alipewa na wateja, kwa wembamba wake na kwa kazi yake, na hakuna aliyemwita vingine isipokuwa Shangazi, aliyemlea tangu akiwa na miaka minne na kumwita mwanangu. Aliinua mguu kutoka kwenye pedali, akautazama mshono, akaona umekwenda upande. Ulikuwa mshono wa kwanza kumharibikia mwaka huo.

Juu ya mlango wa duka lake palikuwa na kibao kipya chenye herufi nne nyekundu: USHO. Brashi alikuwa mchora mabango, na kibao kile alikuwa akimchorea mchumba wake bure, kwa mapenzi tu. Siku ile ya mwisho alikuwa juu ya ngazi, amefika katikati ya neno Ushonaji, Sindano akatoka kwenda kununua nyuzi. Aliporudi alikuta ngazi ipo, kopo la rangi liko wazi, mwenyewe hayupo. Tangu hapo wateja walikuwa wakimuuliza usho ndiyo nini, naye akawa anawajibu kwamba mchoraji anaumwa.

Kilichomtesa ni kutojua kosa lake. Alijipekua kama mtu anayetafuta funguo, akarudia kichwani kila neno alilosema wiki ile, asipate kitu. Hata droo ya meza ya kukatia aliifungua, akaona bunda lake la karatasi liko palepale chini ya kopo la vifungo, limefungwa kwa uzi wake uleule, akaifunga. Hakuzihesabu. Angezihesabu, hadithi hii ingekuwa fupi.

Maana katika droo ile ndimo ilimokuwa siri pekee ya maisha yake, na siri yenyewe ilikuwa ndogo kiasi cha kuchekesha. Sindano alikuwa na mashoto. Waliolijua hilo ni yeye na Shangazi tu, na Shangazi aliamini kwamba alishamponya akiwa na miaka saba. Alimponya kwa kuufunga mkono wa kushoto kiunoni kwa kipande cha shuka, kila siku baada ya shule, mpaka daftari lijae maandishi ya mkono wa kulia. Samaki mkunje angali mbichi, alikuwa akisema, kisha anakaza fundo, na machozi yakianza kumtoka mtoto yeye huangalia pembeni. Hakuwa mkatili. Aliogopa watu wangemcheka.

Basi Sindano akakua na mikono miwili yenye kazi tofauti. Mambo matatu aliyakabidhi kwa mkono wa kulia, yale matatu ambayo watu huyatazama: kula, kumpa mtu kitu, na kuandika. Mkasi nao aliushika kwa kulia, kwa sababu mikasi yote imetengenezwa hivyo na ukibishana nayo inatafuna kitambaa. Mengine yote, sindano, pasi, mswaki, ufunguo, kifuniko cha kopo, yalibaki kwa kushoto, na hakuna aliyejali. Yeye mwenyewe wakati mwingine alichanganyikiwa. Akiulizwa njia alisimama kwanza, akavijaribu vidole vyake, ndipo akamwambia mtu apinde upande gani.

Mwandiko wake wa kulia ulikuwa mzuri, wima, wa taratibu, na mkavu. Brashi aliposafiri kwa wiki kadhaa kuchora mabango ya mbali, yeye alimwandikia kwamba amepokea salamu zake na amefurahi sana, na kwamba hapa wote wazima, hofu ni kwake. Brashi alikuwa akimtania kuwa barua zake ni kama za benki, akizifungua anatafuta muhuri. Sindano alicheka naye, huku roho ikimuuma, kwa sababu kila alipoishika kalamu kwa mkono ule alimwona Shangazi amesimama nyuma ya kiti. Maneno yaliyokuwa moyoni hayakukubali kupita huko. Yalikuwa yakipita kwa mkono wa pili, akiwa peke yake dukani, mlango umerudishwa, kwa mwandiko wa haraka uliolalia kushoto ambao hakufundishwa na mtu. Aliyoyaandika hivyo yote yalikuwa ya Brashi, na hakuna hata moja alilompa.

Angempaje? Siku ya kwanza kupelekwa nyumbani kwa akina Brashi, mtoto wa jirani aliingia akapewa biskuti, akaipokea kwa kushoto. Mama yake Brashi, aliyefundisha darasa la kwanza miaka thelathini kabla ya kustaafu, aliichukua ile biskuti, akaihamishia mkono wa kulia wa mtoto, kisha akamgeukia mgeni na kusema kwamba mtoto asiyefunzwa mkono hafunzwi kitu. Sindano aliuweka wa kwake chini ya meza, na ulikaa huko mpaka chai ikaisha.

Saa kumi wageni walifika. Mama alitangulia, mkoba kwapani, akaitikia shikamoo ya Sindano bila kumtazama usoni. Brashi alifuata. Alikuwa amekonda, na kidevu hakikunyolewa. Macho yao yalikutana mara moja mlangoni, na kwa lile tazamo moja Sindano alijua mambo mawili: kwamba mtu huyu bado anampenda, na kwamba amekuja kumwacha. Akakaa karibu na Shangazi kwenye kochi.

Sebule ya Shangazi ilikuwa ndogo, magoti ya wageni yakakaribia kugusa meza. Chai ilimiminwa, hakuna aliyekunywa. Mama alianza kwa kuuliza hali, kwa sababu hata mtu akija kuvunja nyumba ya mwenzake huanza kwa kuuliza hali, kisha akasema kwamba yeye hakuzaa mtoto wa kuchezewa, na kwamba mwanawe ana jambo la kusema na atalisema mbele ya wazazi ili kesho pasiwe na mtu wa kukana.

Brashi alitoa mfukoni karatasi moja iliyokunjwa mara nne. Mikunjo yake ilikuwa imeanza kuchakaa kwa kufunguliwa.

"Nilikuwa natafuta penseli," alimwambia Shangazi, si Sindano. "Nikafungua droo ya meza yake. Naomba radhi kwa kufungua droo ya mtu. Nikakuta bunda la barua za mwanamume."

Shangazi alimgeukia Sindano taratibu. Sindano alikuwa ameiona karatasi, na aliitambua hata kabla haijakunjuliwa, kwa ile kona ya chini iliyoingia doa la mafuta ya cherehani.

"Soma," mama alimwamuru mwanawe. "Wasikie."

Brashi akasoma. Sauti yake ilikuwa nzito mwanzoni, halafu ikaanza kukwaruza.

"Leo umepita una haraka, hukunisalimu vizuri, nami nimekasirika mpaka saa nane. Saa nane nimekumbuka ulivyocheka jana nikacheka peke yangu. Ukicheka kwelikweli unafumba jicho moja, na nadhani hujui. Sijakwambia kwa sababu ukijua utaacha. Nataka nizeeke nikiliangalia hilo jicho. Nina mengi ya kukwambia ila mdomo wangu ni mzito, na wewe unafikiri sina moyo."

Aliishusha karatasi. Mama alikuwa amefungua kinywa tayari kuongeza neno, lakini neno halikutoka. Alibaki akiitazama ile karatasi, paji la uso limekunjamana.

Na Sindano akaanza kucheka. Hakutaka. Kicheko kilimpanda kutoka tumboni, kikachanganyika na machozi, akaziba mdomo kwa kiganja na bado kikampita vidoleni. Siku ishirini za kukosa usingizi, siku ishirini za kujiuliza amemkosea nini mtu huyu, na kumbe kosa lenyewe ni hili.

"Anacheka," mama alisema polepole. "Mwone, anacheka."

"Nisameheni, Mama. Hiyo nimeandika mimi."

Brashi alitikisa kichwa kwa uchovu wa mtu aliyelitarajia jibu hilo. Alisema kazi yake ni herufi, amezichora tangu ana miaka kumi na sita, na ukimpa mistari miwili ya mtu atakwambia kama mtu huyo ana haraka au ni mvivu. Akatoa barua nyingine kutoka mfuko wa pili, zile za benki, akaziweka mezani kando ya ile karatasi. Hizi zimesimama wima, alisema. Hii imelala kushoto. Hizi zinagusa karatasi kwa woga, hii inaikandamiza. Mkono mmoja hauwezi kutoa maandishi haya mawili, na asidanganywe katika jambo analolijua.

"Kweli," Shangazi alisema kwa huzuni, na Sindano akahisi kochi linazama. "Siwezi kusema uongo, mwanangu. Mwandiko wako nimeufundisha mimi. Huu si wako."

Mtu aliyekuwa wa kumtetea ndiye aliyemfungia mlango, na hakujua. Sasa ilibaki njia moja tu. Sindano aliiangalia kalamu iliyochomoza kwenye mkoba wa mama mkwe, kalamu ya mwalimu, nyekundu. Akiinyamazia atampoteza Brashi leo hii, kabla chai haijapoa. Akiishika kwa mkono ulioandika hayo, mbele ya mama huyu mwenye biskuti zake, huenda akampoteza vilevile, ila atakuwa amempoteza kwa jambo la kweli. Aliomba kalamu. Mama akampa, na Sindano, kwa mazoea ya miaka yote ile, akaipokea kwa kulia.

Kisha akaihamishia kushoto.

Shangazi alishika kifua. Sindano aliigeuza moja ya barua zake za benki, akaandika mgongoni mwake yale yale yaliyosomwa, bila kunakili, kwa sababu alikuwa anayajua kwa moyo. Leo umepita una haraka. Mkono ulisita kwenye neno la kwanza, la pili ukatulia, na kuanzia la tatu ukakimbia wenyewe, ukiufuata wino na kuufuta kidogo kwa upande wa kiganja. Alipofika kwenye jicho aliacha, akaisogeza karatasi katikati ya meza.

Brashi aliinama. Kwa muda mrefu hakuinuka. Aliweka kidole kwenye herufi moja, akakihamishia kwenye karatasi ya zamani, akakirudisha.

"Una mashoto," alisema, kama mtu anayesomewa hukumu ya mtu mwingine.

"Vifungo vya shati hilo ulilovaa nimevishona mbele ya macho yako. Nilishonea mkono gani?"

Brashi alifikiri. Alifikiri tena. "Nilikuwa nakuangalia usoni," akasema.

Shangazi alikuwa amenywea kwenye kona ya kochi. "Kwa hiyo mkono haukupona," alinong'ona.

"Haukuwa mgonjwa, Shangazi."

Yalikuwa maneno machache, na Sindano aliyasema kwa upole, lakini alikuwa ameyabeba miaka ishirini. Alipoyatoa alishangaa jinsi kifua kilivyopata nafasi. Shangazi alitazama pembeni, kama alivyokuwa akitazama zamani, kisha safari hii akarudisha uso, akamwangalia, na akautwaa ule mkono wenye wino akaupapasa kwenye kifundo, pale pale fundo lilipokuwa likikazwa. Hakusema samahani. Hakuwa na mazoea nayo. Lakini hakuuachia.

"Sawa," Brashi alisema, na wivu, ambao ni mkaidi kuliko punda, ukajaribu mara ya mwisho. "Umeandika wewe. Ulikuwa unamwandikia nani?"

Hapo ndipo mama yake alipoweka kikombe chini.

"Rudia hapo pa jicho," alisema.

"Mama?"

"Hapo pa jicho. Soma."

"Ukicheka kwelikweli unafumba jicho moja, na nadhani hujui."

"Haya. Nani huyo?"

Brashi aliwatazama wote watatu kwa zamu. Mama yake aliguna.

"Wewe, mjinga wewe. Tangu una meno mawili. Baba yako alisema nikupeleke kwa daktari wa macho, nikamwambia mtoto haumwi, mtoto anacheka." Akamgeukia Sindano, na kwa mara ya kwanza tangu aingie alimwangalia usoni. "Sikuwahi kumwambia mtu. Nilifikiri nimeliona mimi peke yangu."

Hapa Brashi alijifunika uso kwa mikono yote miwili. Mabega yakaanza kumtikisika, na kwa muda hawakujua kama analia. Alieleza kwa vipande vipande, kutoka nyuma ya vidole, jinsi alivyomsaka adui yake kwa siku ishirini. Alichungulia daftari la muuza nyama. Aliomba risiti hata mahali asiponunua kitu. Mwisho akamshuku muuza dawa wa kona, kwa kuwa herufi zake zinalala kidogo, akamnunia mtu wa watu wiki nzima, akamnyima hata salamu, na yule bwana akawa anamuuliza kama amezidiwa ampe dawa. Alipofika kwenye dawa aliondoa mikono usoni, akacheka kwelikweli, na jicho moja likafumba.

Mama na Sindano wakatazamana. Wote wawili wakainamisha vichwa haraka, kila mmoja akajitia kutafuta kitu kwenye chai yake.

Lakini mama alikuwa mwalimu, na mwalimu hafungi somo kabla ya swali la mwisho. Alisubiri vicheko vitulie. Kisha akasema ana jambo moja linalomkwaruza. Anayeficha mkono wake miaka miwili ya uchumba, akishaingia ndani ya nyumba ataficha nini?

Brashi alitaka kujibu, Sindano akamzuia kwa macho.

"Niliona ukimfundisha mtoto wa jirani kupokea biskuti, Mama. Nikaogopa. Nilitaka unipende kwanza. Sina kingine nilichokificha, na hili nisingeweza kulificha tena hata kama mngeondoka. Nimechoka nalo."

Mama aliichukua ile karatasi yenye wino mbichi, akaisogeza mbali na macho kama wafanyavyo wenye miwani iliyosahauliwa nyumbani, akaikagua mstari kwa mstari. Huenda aliwakumbuka watoto wake wa darasa la kwanza, miaka thelathini ya mikono midogo aliyoihamisha. Huenda hakuwakumbuka. Alipoongea, sauti yake ilikuwa ya darasani.

"Kalamu umeishika vizuri. Nani alikufundisha?"

"Hakuna, Mama."

"Mistari imenyooka." Akaikunja karatasi mara mbili, akaitia kwenye mkoba wake, si kwenye mfuko wa mwanawe, na akaifunga zipu. Kisha akainywa chai yake yote, ingawa ilikuwa imepoa, na akamuuliza Shangazi kama ni kweli kwamba ukumbi ule wa karibu na kituo hupangwa miezi mitatu kabla.

Sindano alihisi mwili wote unalegea, kuanzia shingoni kushuka. Hakujua kwamba mtu anaweza kuchoka kiasi hicho kwa furaha. Wazee wakaingia kwenye habari za ukumbi na viti, huyu akisema watu mia, yule akisema mia ni aibu, na Brashi akawa amekaa palepale, magoti yakigusa meza, akizisoma tena barua za benki moja baada ya nyingine. Aliuliza kwa sauti ya chini bunda lina karatasi ngapi. Sindano alijibu kwamba ni nyingi. Zote zangu? Zote. Akauliza kama anaweza kuzipata leo. Akaambiwa azipate moja kwa wiki, ajifunze subira, kwa sababu mtu aliyekimbia ngazi yake mwenyewe hastahili zaidi ya hapo.

Jua lilikuwa limeanza kulegea wageni walipoinuka. Shangazi alimsindikiza mama mpaka mlangoni, wakaagana kwa kushikana mikono, na mama akasimama kizingitini akimsubiri mwanawe. Brashi alisimama mbele ya mchumba wake. Mbele ya wazazi hakukuwa na zaidi ya mkono wa kwaheri, na Sindano akautoa, wa kulia, wima na wa taratibu kama barua zake.

Brashi hakuupokea.

"Nipe ule ulioniandikia," alisema.

Sindano alimtupia jicho Shangazi. Hakukusudia. Miaka yote ile ilimgeuza shingo. Mama mkwe naye alikuwa akitazama, mkoba kwapani, kimya, na mlango ulikuwa wazi.

"Mpe, mwanangu," Shangazi alisema.

Akampa. Wino wa upande wa kiganja ulikuwa umelowa jasho, ukampaka Brashi vidoleni, na hakuna aliyeharakisha kuachia.